Bi Tena na Fagio Lililomfuta Mama

Dada yangu hutoka nyumbani mara mbili kila asubuhi. Hufunga mlango, hufika kwenye kona, hurudi kuusukuma kuhakikisha kwamba ameufunga, kisha ndipo huondoka kweli. Yuko hivyo tangu utotoni, na hata kabla hajamaliza shule mtaa mzima ulishamwita Bi Tena. Mimi ni fundi saa, kazi yangu inataka subira, lakini subira yote niliyojaliwa huimaliza yeye kabla sijafika kibandani.

Basi akapata kazi iliyomkaa kama nguo ya kushonewa. Anaandika programu ndogo za kusaidia kuijaribu programu kubwa ya hospitali, ile inayoandikisha wagonjwa na kuwapangia siku zao. Kila mwenzake ofisini anapogusa hata mstari mmoja, lazima kila kilichofanya kazi jana kijaribiwe upya leo. Ukifanya kwa mkono utazeekea mezani, kwa hiyo Dada aliunda wasaidizi watatu. Kengele huanzisha majaribio saa kumi na mbili asubuhi, kabla hospitali haijafunguliwa. Mfinyanzi hubuni mgonjwa wa uongo, Bwana Mfano, na kumzungusha idara zote. Fagio hupita mwisho na kumfuta. Yote yakienda sawa, kioo cha kompyuta huonyesha mstari wa kijani, na Dada huteremsha mabega.

Kwa kawaida mambo haya hufanywa kwenye nakala ya pembeni. Mkubwa wao alikataa katakata. Alisema majaribio nje ya daftari halisi la wagonjwa ni maigizo, na yeye haongozi kikundi cha maigizo.

Sasa, Mama. Kwa miaka miwili mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Alikuwa anamimina chai huku kidole kimo ndani ya kikombe, apate kujua imefika wapi. Sisi alitutambua kwa hatua: mimi naburuza miguu, Dada anakwenda na kurudi. Daktari bingwa wa macho huja mara moja kwa mwaka, wiki mbili tu. Alimpima Mama, akasema apasuliwe kabla yeye hajaondoka Ijumaa ya wiki ya pili. Tukampangia siku.

Siku ilipofika nikafunga kibanda nikampeleka. Karani wa mapokezi, mwanamke mwenye miwani ya kamba, akatafuta, akatikisa kichwa.

"Mama, humo kwenye mfumo."

"Mbona mimi nipo hapa?" Mama akauliza.

"Hapa upo. Kwenye mfumo ndiko humo."

Tukapangiwa siku nyingine. Tukarudi, hayumo. Mara ya tatu ilikuwa Jumatano, siku mbili kabla bingwa hajaondoka, na hapo damu ilinichemka. Nikapiga meza. Karani hakupepesa jicho. Akageuza kioo nikione.

"Kaka, usinifokee. Kwa anwani yenu ninaye mgonjwa mmoja tu. Kesho saa tatu, macho yote mawili, na ndiyo nafasi ya mwisho ya bingwa. Ni mwanamume. Ana miaka zaidi ya mia na ishirini."

"Nyumbani kwetu?"

"Tena ni mteja wetu mzuri sana. Kwa miaka sita amelazwa mara elfu mbili. Ameng'olewa meno mia nne. Amejifungua mara arobaini."

"Si umesema mwanamume?"

"Hata sisi tulishangaa kidogo. Lakini mfumo ulikubali."

Tulirudi nyumbani. Dada alikuwa sebuleni ameshika tama, ametoka kazini mapema kwa sababu asubuhi umeme ulikatika ofisini na majaribio yakakwama katikati. Nilipomtajia mzee wa meno mia nne, alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyemfuta Mama."

Akatueleza, na ilikuwa rahisi kiasi cha kutia aibu. Mfumo hukataa anwani isiyokuwepo. Dada, kwa uungwana wake, hakutaka kumtwisha jirani mgonjwa asiye wake, akamwandikia Bwana Mfano anwani yetu. Fagio akaliagiza lifute kila mwenye miadi katika nyumba hiyo. Miaka sita lilifagia bila madhara, maana hakuna kati yetu aliyekuwa na miadi hospitalini. Mama alipoandikishwa, likamfagia naye kila alfajiri, na kila alfajiri Dada aliona kijani akafurahi. Leo umeme ulikatika Bwana Mfano akiwa idara ya macho, Fagio halikumfikia, ndiyo maana amebaki na nafasi yake; kumbukumbu za matibabu yake ya nyuma halizigusi kamwe.

"Libadilishe basi hilo fagio!" nikasema.

Akampigia mkubwa wake. Nilisikia sauti yote, maana mtu yule huongea na simu kana kwamba yuko ng'ambo ya bonde.

"Kifaa chako hakijawahi kukosea! Kubadilisha ni mpaka kikao. Kikao ni mwezi ujao."

"Mama yangu anataka nafasi kesho, mzee."

"Yumo kwenye mfumo?"

Dada akakata simu. Akamtazama Mama, aliyekuwa anatazama ukuta akidhani ni sisi.

"Mama, ukiitwa Bwana Mfano kesho, utaitika?"

"Nikiona baadaye, nitaitika hata nikiitwa kabati," Mama akajibu.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Saa kumi na mbili asubuhi Kengele ingelia, na Fagio lingepita na Bwana Mfano, jina na nafasi. Ili Mama apasuliwe, Dada alipaswa kuacha kurudia. Siku moja tu. Mtu aliyerudia mlango, jiko, bomba na salamu kwa miaka arobaini. Nilimwonea huruma kwa dhati, na sisemi hivyo mara nyingi.

Akafungua kompyuta, akazima Kengele. Akaunyoosha mkono tena ahakikishe kama kweli ameizima. Mama, sijui alijuaje, akaukamata ule mkono.

"Mara moja inatosha, mwanangu."

Asubuhi saa kumi na mbili tulikaa watatu mezani, tukiutazama mshale wa ukutani. Dada aliikalia mikono yake. Mshale ukapita. Hakuna kilicholia.

Saa tatu bingwa akatoka na karatasi.

"Bwana Mfano?"

"Ndiye mimi," akasema Mama, ndani ya gauni lake la maua.

"Umri wako ni mkubwa sana."

"Nimejitunza."

"Hapa inaonyesha umejifungua mara arobaini."

"Mara mbili tu, daktari. Na mmoja wao ndiye aliyeandika upuuzi huo."

Bingwa akashusha karatasi, akainama akamtazama machoni, akamkumbuka. "Mtoto wa jicho namwona," akasema. "Hayo mengine ni ya ofisini." Akamshika mkono wakaingia.

Ofisini Dada alipewa barua ya onyo kwa kosa la kutorudia. Kikao kilipofika, waliihamisha anwani ya Bwana Mfano kwenye jengo la ofisi yao, ambako hakuna aliyewahi kulala rasmi.

Hayo yalikuja baadaye. Ijumaa muuguzi alimvua Mama bandeji. Mama alipepesa macho, machozi yakamtoka, akanitazama mimi kidogo tu, kisha akamtazama Dada kwa muda mrefu.

"Umeota mvi," akasema. "Lini?"

Dada alinyoosha vidole mbele ya uso wa Mama.

"Vingapi?"

"Vitatu."

"Tena."

"Vitatu."

"Tena, Mama."

"Vitatu," akasema Mama, na safari hiyo nilitaka aulizwe mpaka jioni.