Kabla ya Saa Moja na Robo

Mume wangu ni fundi saa, na mtaa mzima unamwita Bwana Mawimbi. Jina hilo si la heshima hata kidogo. Kila jioni akishafunga kibanda chake hukaa dirishani na redio kubwa ya betri, anatafuta stesheni za mbali, tena si kwa ajili ya muziki wala habari. Yeye akimsikia tu mtu anakohoa umbali wa siku mbili kwa basi, ameridhika. Kisha huiandikia stesheni hiyo barua: nimewasikia saa fulani, sauti ilikuwa hivi, kipindi kilikuwa hiki. Nao humrudishia kadi ya shukrani. Tuna sanduku zima la kadi, na sijaona hata moja inayoliwa.

Mwandiko wake hausomeki, ndiyo maana barua hizo aliziandika binti yetu tangu akiwa darasa la nne. Baba anasema, mtoto anaandika. Mimi nilikuwa nawaambia, "Nyie wawili mna mambo yenu, mimi simo." Binti huyo sasa ni muuguzi, na kazi ilimpeleka mji ulioko ng'ambo ya milima, mji wenye stesheni ambayo baba yake anaipenda kuliko zote.

Jumatatu usiku mto wa huko ulivunja kingo zake. Jumanne simu ya binti yetu haikupatikana, Jumatano vilevile. Nilipiga na kupiga, na yule mwanamke wa mtandao akanijibu kwa upole ule ule mpaka nikatamani kumzaba kibao. Stesheni zetu za karibu zilitaja mafuriko kwa sentensi mbili, zikarudi kwenye matangazo ya sabuni.

Usiku huo wa Jumatano Bwana Mawimbi aliinasa stesheni ya kule. Mtangazaji sauti ilikuwa imemkauka. Alisema zahanati imezama, baadhi ya watu wametolewa kwa mitumbwi, wengine hawajulikani walipo. Kesho, kuanzia saa tisa alasiri, wangesoma ujumbe wa walionusurika, kila mmoja mara moja tu, maana mafuta ya jenereta yangewafikisha saa moja na nusu jioni, basi.

Mume wangu akaweka kalamu chini.

"Saa tisa hatuwapati," akasema.

Hilo nililijua hata mimi nisiyetaka kujua. Mchana anga huyanywa mawimbi ya mbali yasifike popote. Jua likizama ndipo anga hiyo hiyo huanza kuyarudisha chini kwetu. Stesheni ile haijawahi kuingia nyumbani kwetu kabla ya saa moja na robo. Kwa hiyo wangesoma kwa zaidi ya saa nne, na sisi tungeambulia robo saa ya mwisho.

Alhamisi saa tisa aliiwasha hivyo hivyo. Ikatoa kelele tupu, shaaa, kama kitu kinachokaangwa. Nilikaa nikaikodolea macho. Pengine ndani ya kelele ile ujumbe wa mwanangu ulikuwa unapita, nami nipo hapo na masikio yangu mawili mazima. Roho ilikuwa juu juu, na mwenye roho juu hutafuta wa kumlaumu.

"Miaka yote unatujazia nyumba waya," nikamwambia, "na siku tunayoihitaji ndiyo haitufai!"

Alikuwa anafuta kutu kwenye redio, mahali pa betri, kwa kitambaa chake cha saa. Mikono ile inayoshika skrubu ndogo kuliko chembe ya mchele ilikuwa inasugua hata pasipo kutu. Nikaona aibu, nikamshikia redio.

Saa moja kasorobo kelele ikabadilika, ikawa krrr, krrr, ya kupasua kichwa. Alikuwa fundi wa kuchomelea, hapo chini ya ngazi zetu. Niliteremka na ndala mguu mmoja.

"Jirani, zima!"

"Mama, hili geti la watu, wanalifuata kesho asubuhi."

"Mwanangu anasomwa redioni. Zima!"

Nina hakika hakuelewa kitu. Alinitazama usoni, akazima swichi. "Panda juu, mama," akasema. "Siwashi mpaka uniambie."

Nilipanda tukangoja, na ilipofika saa moja na robo, stesheni nyingine ya muziki ilikuwa imeifunika ile yetu. Mume wangu akaizungusha redio taratibu, kidogo hivi, kidogo hivi, mpaka muziki ukazama na sauti ya mtu ikabaki. Dereva wa lori yuko salama. Mama wa mapacha yuko salama. Sauti inakuja, inafifia, inarudi, na kila ikififia mimi nauma ncha ya kanga. Ikafika saa moja na dakika ishirini na tano. Mtangazaji akaanza kushukuru wasikilizaji.

"Basi," nikasema. "Wetu umeshapita. Au haukuwepo."

"Umebaki mmoja," ikasema redio. "Tumeushika tangu saa tisa, maana aliyeuleta alitukataza kuusoma mapema. Anasema huko unakokwenda hatusikiki kabla ya saa moja na robo, tuusome dakika za mwisho, sauti ikishakuwa safi. Ni wa yule fundi saa anayetuandikia barua. Baba, niko shuleni kilimani na wagonjwa wangu kumi na mmoja. Sijaumia. Mama, najua leo na wewe unasikiliza."

Nililia kwa sauti, bila haya. Chini fundi wa kuchomelea akauliza, "Vipi, mama?" nikampungia kanga dirishani.

Mume wangu akavuta daftari lake, akashika kalamu, ikamdondoka. Akalisukuma mbele yangu. "Andika wewe."

Nikaandika tarehe. Saa moja na dakika ishirini na saba. Sauti: safi. Penye nafasi ya kipindi kilichosikika nikaandika: mtoto wetu yuko hai. Barua hiyo niliipeleka posta mwenyewe.