Nilimwambia ana mkono mzito, kumbe mouse nimeifunga nailoni mwenyewe

Wakuu, poleni na majukumu.

Ninachoandika hapa kimenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Mkitaka kunicheka chekeni, lakini someni mpaka chini maana najua humu kuna wenye ofisi kama yangu.

Nina stationery Mbinga mjini. Photocopy, kuchapa, passport size, mihuri, kujaza fomu za mtandaoni, vyote napiga. Kwenye kompyuta nipo vizuri, hilo silifichi. Nimefundisha watu wengi kushika mouse, kuanzia watumishi waliohamishiwa huku mpaka wakulima wa Matiri wanaoingia na matope ya shambani kwenye buti.

Shida yangu ni vumbi. Kiangazi lile jekundu la barabarani linaingia lote ndani, halafu jirani yangu ana mashine ya kusaga. Keyboard naifuta asubuhi, ikifika mchana ukiipiga kofi inatoa unga wa kukoroga uji.

Basi nikanunua keyboard mbili na mouse mbili mpya za kompyuta za wateja. Nikasema safari hii hazichakai. Nikachukua nailoni ile ngumu ya kujaladia madaftari, nikazifunga zote. Mouse nikazizungushia raundi mbili, nikabana na rubber band.

Msinishangae. Kwenu remote ya TV haina nailoni? Nina jamaa yangu makochi yake yana miaka minne na bado yamevaa nailoni ya dukani.

Kesho yake saa nane mchana akaingia dada mmoja kutoka kijiji cha Ukata, tumwite Skola. Amesomea uuguzi, na miaka mitatu alikuwa anajitolea zahanati bila ajira. Zilikuwa zimetoka nafasi za mkataba, maombi ni ya mtandaoni tu, na dirisha linafungwa siku hiyo hiyo saa kumi jioni. Taarifa ilimkuta shambani anachuma kahawa, na pikipiki aliyopanda ikaharibika njiani.

"Kaka, naomba unisaidie, leo ndiyo mwisho," akasema hata kabla hajakaa.

Kwangu kuna utaratibu. Mteja anajaza mwenyewe, mimi nasimama pembeni namwelekeza. Niliwahi kulaumiwa kwamba nimekosea jina la baba wa mtu, tangu hapo sishiki fomu ya mtu. Na laptop yangu alikuwa ameikalia mwalimu mmoja anachapa mitihani.

Skola alizoea simu, mouse alikuwa hajawahi kushika. Akaanza kubonyeza skrini kwa kidole. Nikamwambia hii siyo simu dada, shika hicho hapo mezani, sogeza taratibu.

Akasogeza. Mshale ukaruka mpaka kwenye kona. Akasogeza tena, ukatetemeka, ukachagua mkoa ambao hajawahi hata kuukanyaga. Saa tisa ikapita bado tupo ukurasa wa kwanza.

Hapo uvumilivu ukaniisha. Nikapaza sauti mbele ya wateja wote: "Dada, una mkono mzito! Hilo siyo jembe."

Watu wakacheka. Skola akaiachia mouse. Akaitazama mikono yake, vidole bado vina weusi wa kahawa, akaishusha chini ya meza.

"Hebu nipishe nikuonyeshe," nikasema, nikakaa kwa mbwembwe.

Wakuu, mouse ikanigomea. Nikisogeza kulia, mshale unapanda juu. Nikabadilisha, nikachukua ya kompyuta ya pili, mambo yale yale. Nikasingizia mtandao. Nikasingizia Windows. Nikazima na kuwasha kompyuta, na dakika zikawa zinakwenda. Mwalimu akaacha kuchapa, akawa ananiangalia mimi.

Skola akaichukua ile mouse, akaigeuza.

"Kaka, hii taa nyekundu ya chini ndiyo inayosoma?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona umeifunika? Sisi tuna kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni, nacho kina taa nyekundu. Mgonjwa akiwa na hina au rangi ya kucha kinaweza kisisome vizuri. Labda na hii ni hivyo hivyo."

Nilitamani sakafu inimeze. Nikachukua mkasi, nikaichana ile nailoni. Mshale ukatulia tuli.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Akajaza mwenyewe, na dakika kumi za kwanza tu mkono ukawa umeshakaa sawa. Kwenye keyboard alikuwa anatafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja, lakini hakukosea hata neno. Ombi likaenda zikiwa zimebaki dakika nne.

Akaniambia asante kaka, akaondoka. Mimi sikumwomba radhi. Nilijiona mdogo, na bado kiburi kikanifunga mdomo. Hilo liliniuma wiki nzima.

Miezi ikapita. Nikaenda Tingi kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu, homa ikanikamata huko huko. Wakanipeleka zahanati. Nakaa kwenye kiti, nainua uso, muuguzi ni Skola, yupo kwenye sare nyeupe, kumbe ule mkataba aliupata.

Akanitambua. Akatoa kile kibanio, akanibana kidoleni, akatazama, akakitoa.

"Hakisomi," akasema. "Una wino wa mihuri kidole kizima."

Nikamwambia, "Dada, siku ile nilikukosea. Nisamehe."

Akachukua pamba yenye spiriti, akaanza kunifuta kidole pole pole mpaka wino wote ukatoka. "Nilishakusamehe siku ile ile. Ila ningekuwa wewe," akasema huku anacheka, "ningesema mgonjwa ana kidole kizito."

Wakuu, mouse zangu siku hizi zinakaa uchi na vumbi nafuta kila asubuhi. Mteja akishindwa, nakagua kwanza kifaa changu, ndipo niangalie mkono wake. Nilikaribia kumkosesha mtu ajira aliyoisubiri miaka mitatu, na mwenye kosa nilikuwa mimi niliyekuwa nimesimama pembeni natoa maelekezo.

Haya, nani mwingine aliwahi kumfokea mtu halafu akakuta kosa ni la kifaa chake? Semeni bila aibu, mimi yangu nimeshaianika.