Kikohozi cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hukohoa kabla ya kutoka chumbani. Si ugonjwa. Hukohoa ili nisikie nipishe njia, maana kwa mila yetu sisi Wanyakyusa mke wa mtoto na baba wa mume hawatazamani. Vijana wengi wameiacha, na Tukuyu mjini nimewaona wakwe wakila meza moja. Yeye hakuiacha. Niliolewa na mwanawe nikiwa binti, sasa nina mvi, na sijui macho yake yakoje.

Zamani haikuwa taabu. Aliishi bondeni kwenye migomba yake, sisi tuko huku juu Isongole kwenye viazi. Mama mkwe alipofariki na yeye akaanza kusumbuliwa na presha, mume wangu akamleta nyumbani. Tulimpa chumba cha nyuma chenye mlango wa uani. Lakini choo ni kimoja, na njia ya chooni ilipita mbele ya jiko langu.

Tangu hapo nikawa mtu wa kusikiliza. Nikimenya viazi, sikio liko mlangoni kwake. Kikohozi kikija, naweka kisu chini, najifunika kanga kichwani na kugeukia ukuta mpaka nyayo zipite. Halafu nasubiri zirudi. Hata akiwa amelala, mimi nilikuwa bado nasikiliza.

Niliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vya mitumba na vipindi vya redio. Nilipoona mabega yamepanda kwa mkazo na hayashuki, na asubuhi naamka taya zikiniuma, nililichunguza jambo hili kama ninavyochunguza mnyauko shambani: dalili kwanza, kisha chanzo. Nikajifunza kwamba mwili unaosubiri hatari hujiandaa kana kwamba hatari imeshafika. Moyo hukimbia, misuli hukaza, na pasipokuwa na wa kupigana naye, mkazo hubaki humo humo. Nikajifunza pia kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Ilinisaidia mpaka kikohozi kilichofuata.

Mazungumzo nayo yalikuwa na njia yake. Watoto walipokuwepo tuliongea kupitia kwao. Walipokwenda shule za bweni, akabaki paka.

"Paka," nilikuwa nasema nikiwa nimeelekea ukuta, "uji uko kwenye kigoda, utapoa."

"Paka," alikuwa akijibu kutoka ndani, "mwambie wa jana ulikuwa maji ya kuoshea vyombo."

Mume wangu alicheka. "Huyo paka angekuwa mtu, angeshahama."

Mimi sikucheka sana. Kila nilipojiuliza furaha yangu ingekuwa nini, jibu lilikuja lile lile: uani kimya, hakuna anayekohoa.

Kimya hicho kilikuja asubuhi moja ya ukungu. Majirani wote walikuwa msibani, ng'ambo ya kilima. Mume wangu alikuwa amepeleka viazi Bagamoyo, ile kata ya mjini Tukuyu. Mimi nilibaki kwa kuwa mzee hawezi kuachwa peke yake. Wakati wake wa kutoka ulifika, hakukohoa. Nikaendelea kumenya. Kisha kitu kizito kikagonga ukuta wa chumba chake, na baada ya hapo sikusikia chochote.

"Paka," nikaita, "muulize kama kuna kilichoanguka."

Paka alikuwa miguuni pangu, ananusa maganda.

Nikampigia mume wangu, simu haipatikani. Nikatoka hadi barabarani, hapakuwa na mtu wa kumtuma. Nikarudi na kusimama mlangoni kwa mzee. Nilijua vizuri kilichokuwa mbele yangu. Nikiingia nimkute mzima, nitakuwa nimemvunjia heshima, naye atarudi bondeni kuishi peke yake, bila wa kumkumbusha dawa. Nisipoingia, huenda anakufa hatua chache kutoka nilipo. Nilitoa pumzi polepole kama nilivyojifunza.

Nikavuta kanga hadi puani, nikasukuma mlango.

"Paka?" Sauti ilitoka chini, nyembamba.

"Si paka, baba. Ni mimi."

"Fumba macho."

"Nimefumba." Na ilikuwa kweli.

"Umekanyaga kofia yangu."

Nikapapasa kitanda, blanketi, kisha bega lake. Lilikuwa jembamba kuliko nilivyodhani. Kiganja kilipofika kichwani kikakuta majimaji ya moto.

"Baba, una damu. Nafumbua."

"Usifumbue."

"Nitatazama kidonda tu."

Nikatazama kidonda tu. Kilikuwa juu ya sikio, na damu ilikuwa haijaacha kutoka. Nikakibana kwa kanga yangu, nikamwinua, tukajikongoja hadi barabarani, mimi nyuma yake.

Bodaboda wa kwanza kusimama alikuwa baba wa makamo. Tulimweka mzee katikati, mimi nikakaa mwisho, mikono nimemzungushia kifuani.

"Mshike baba yako vizuri," akasema dereva.

"Si baba yake," mzee akajibu. "Ni mke wa mwanangu."

Dereva akageuka. "Mkwe kamkumbatia mkwe? Leo Isongole itakosa usingizi."

"Wewe endesha. Mdomo wako hauna breki."

Tulishuka tukielekea Makandana, kwenye hospitali, ukungu ukitufungulia kipande kidogo tu cha lami. Kwenye kona mzee aliinama upande, nikamrudisha.

"Dereva," akasema, "mwambie aliyeko nyuma asilegeze mikono."

"Mwambie mwenyewe, mzee. Yuko mgongoni kwako."

Tulipita kona nyingine. Chini ya kiganja changu moyo wake ulikuwa unakimbia kama wangu.

"Usilegeze," akasema.

"Silegezi, baba."

Hospitalini alishonwa nyuma ya pazia, mimi nikiwa upande wa pili. Nesi akamuuliza alivyoanguka.

"Nilikuwa nataka kwenda chooni," akasema. "Nikamsikia anamenya viazi hapo njiani. Kila mara nikikohoa anaacha kazi yake. Nikasema nimsubiri amalize. Nilisubiri mpaka nikashindwa. Nikainuka haraka, kizunguzungu kikanibeba."

Nilikaa kwenye benchi. Miaka hiyo yote nilijua mtu mmoja tu anayesikiliza katika nyumba ile. Kumbe hata yeye alikaa nyuma ya mlango wake akisikiliza kisu changu.

Mume wangu alitukuta pale jioni. Nilimwambia jambo moja tu: achimbe njia nyingine ya chooni, ipite nyuma ya nyumba. Aliichimba wiki hiyo hiyo, akaizungushia matete. Mzee akaanza kuitumia. Kuhusu siku ile hatujasema neno, si mimi, si yeye, si kupitia kwa paka.

Huko nyuma hakuna wa kumpisha, lakini bado anakohoa akitoka, na akirudi anakohoa tena. Mimi huendelea kumenya. Akichelewa kidogo, kisu husimama chenyewe na mabega hupanda, na hayashuki mpaka nimsikie.