Matusi kwa Masanja

Jumapili ile, kabla hatujajua kama kuna vita, makundi mawili ya ngoma ya Buswelu yalikuwa yakitukanana kwenye uwanja wa shule kama kawaida. La bondeni liliongozwa na Minza, mama yake Masanja. La juu liliongozwa na Mzee Lugwisha. Kila upande ulitunga nyimbo za kuudhihaki mwingine, na aliyetajwa kwa jina alijivunia. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nasubiri kupangiwa kazi, na niliona wanapoteza muda.

"Masanja ana miguu ya korongo," aliimba Lugwisha. "Akienda kwa mchumba, magoti yanatangulia kufika."

Masanja mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

Wiki chache baadaye lori lilimchukua pamoja na wanamgambo wengine, wakavushwa kwa meli kwenda Bukoba. Redio ilisema nduli aliyetuvamia atapigwa. Haikusema vijana wetu wako wapi.

Katibu wa kijiji aliyaunganisha makundi yote mawili kuwa moja, eti kwa moyo wa ujamaa, akawapa wimbo uliotungwa ofisini. Kutaja jina la askari yeyote akapiga marufuku. Siri za jeshi. Nilimwuliza ni adui gani angekuja Buswelu kusikiliza habari za magoti ya Masanja.

"Msomi, huku si chuoni Mlimani," alisema. "Hapa tunajenga nchi."

"Kwa kuwanyamazisha mama wa askari?"

Alizifungia ngoma stoo. Mazoezi ya wimbo wake yalikufa siku ya kwanza. Watu waliozoea kujibizana hawakujua waanzie wapi bila mpinzani.

Palizi ya pamba ilipofika, Minza aliwapanga watu kwenye shamba la kijiji, wake upande huu, wa Lugwisha upande ule. Mapigo ya majembe yakawa ngoma. Matusi yakarudi, safari hii kwa walioko vitani: Masanja amejificha kwenye handaki, magoti yamebaki nje. Katibu akitokea, waliimba wimbo wake, vibaya kwa makusudi. Akiondoka, majina yalirudi.

Nilichukua jembe nikajiunga nao. Hata hivyo nilimwuliza Minza yanamsaidia nini.

"Kwetu marehemu hatukanwi, mwanangu. Ni mwiko. Lugwisha akimtukana Masanja, mimi nalala usingizi."

"Lakini Lugwisha hajui lolote."

"Basi asijue."

Asubuhi moja ndege ilipita juu ya pamba, chini sana.

Tukalala kati ya matuta.

Mshindo ukatoka upande wa mjini. Halafu mwingine.

Hakuna aliyeinua kichwa. Kisha nikasikia sauti ya Lugwisha, mdomo umejaa udongo: "Masanja, hiyo umeiachaje ikapita?"

Watu walicheka huku wakilia. Mimi pia.

Palizi ilikuwa karibu kuisha aliporudi mpwa wa Lugwisha, mkono umefungwa bendeji. Alikuwa kikosi kimoja na Masanja. Ofisini kwa katibu walimwagiza asiseme lolote kuhusu wenzake, na kwa Minza hakufika.

Kesho yake Lugwisha alianza wimbo kama kawaida. Akamdhihaki wa kwanza, akamdhihaki wa pili. Ilipofika zamu ya Masanja, akamtaja kijana mwingine.

Minza alisimamisha jembe.

"Umemruka."

"Mama Masanja..."

"Umemruka mwanangu. Mtukane."

Lugwisha aliinama akaendelea kupalilia.

"Mtukane, Lugwisha! Si una mdomo? Sema magoti yake!"

Mzee alifungua kinywa. Kisha akavua kofia.

Taarifa rasmi haikuja. Vita viliisha, ngoma zikatolewa stoo, na wimbo wa ofisini ukaimbwa mbele ya wageni kutoka wilayani. Haukuwa na jina la mtu hata mmoja. Wageni walipiga makofi. Minza hakwenda.

Nimejiuliza miaka mingi kama zile nyimbo zilimpa kitu au zilimcheleweshea uchungu tu. Sina jibu, na waliokuwa na wajibu wa kumwambia sijawahi kuwasikia wakijiuliza. Msiba wa Masanja ulianza siku ile ile, pale pale shambani, bila tangazo wala mwili. Wanawake wa makundi yote mawili walilaza majembe chini, wakakaa na Minza juu ya magugu waliyokuwa wameyang'oa.