Goti, Fomu na Chupa ya Mawese

Kuna watu katika mji huu wa Kisangani ambao mpaka leo wakinikuta njiani hawanisalimii, wananiuliza kama bado nauza mawese, na mimi, niliyezoea kuanza kila hoja kwa kufafanua istilahi, naangalia chini na kuongeza mwendo kwa kadiri goti linavyoniruhusu. Basi afadhali niwasimulie mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine aliyeongeza chumvi (na chumvi haihitajiki, mkasa wenyewe umekolea), ili mjue jinsi neno moja la herufi sita lilivyonifikisha juu ya baiskeli ya watu, mguu hewani, huku wanawake wakinililia.

Mimi ni msaidizi katika chuo kikuu, nipo kwenye tasnifu ya udaktari kwa mwaka ambao sipendi kuutaja, na wanafunzi huniita Docta kwa udaktari ambao bado sijaupata. Mama yangu anaishi Bukavu. Kwa miaka minne sikuwa nimemwona, kwa sababu njia ya barabara mnaijua na tiketi ya ndege mnaijua, tukabaki watu wa simu ya Jumapili. Kwa hiyo lilipobandikwa tangazo kwamba chuo kitapeleka wakimbiaji wanne kwenye mashindano ya mbio za milima huko Bukavu, ndege kwenda na kurudi, mimi sikuona mashindano, niliona mlango wa mama. Nikampigia siku ileile, kabla hata sijatafuta viatu.

"Mama, nakuja."

"Kweli? Wacha nianze kumunenepesha kuku."

Kuanzia dakika hiyo, kuku alikuwa ananenepa Bukavu, na mimi nilikuwa na wajibu.

Shida ya kwanza ni kwamba Kisangani ni tambarare. Makiso yote, ndiyo katikati ya mji, unaweza kuizunguka bila kupumua kwa nguvu, na mtu anayetaka kilima hana budi kwenda bichi, bandari yetu ya mtoni, pale pirogi, yaani mitumbwi, zinapotia nanga, ambako kuna mteremko mmoja mkali wa udongo mwekundu unaopanda hadi barabara ya juu, na mamas wauza samaki wamepanga mabeseni yao kando yake toka chini hadi juu kama watazamaji waliolipa kiingilio. Shida ya pili ilikuwa mwili wangu. Baada ya wiki mbili za kupanda, goti la kushoto lilianza kuuma upande wa ndani, kisha kisigino cha kulia (nadhani kwa mshikamano), kisha nyonga, na nikafungua daftari lenye safu nne: mahali, aina ya maumivu, saa, na kiwango juu ya kumi, yaani alama kati ya kumi. Lilikuwa daftari safi sana.

Daftari lilinionyesha jambo moja waziwazi: goti liliuma wakati wa kushuka, si wakati wa kupanda. Mtu mwingine angepumzika. Mimi nilitafakari siku tatu, nikahitimisha kwamba mbio za milima ni kupanda, kwamba kushuka ni suala la usafiri tu, na kwamba suala la usafiri katika mji huu lilikwisha kutatuliwa na toleka, baiskeli zetu za kubeba abiria. Hivyo nikaelewana na Papa Asumani, mzee wa toleka mwenye baiskeli ya mto laini wa kijani nyuma, awe ananingoja juu kila asubuhi: mimi napanda mbio, nakaa kwenye mto, ananishusha taratibu akifunga breki kwa soli ya kandambili, halafu napanda tena, naye nyuma yangu anasukuma baiskeli yake (na ukweli unanilazimisha kusema kwamba mara nyingi alifika kabla yangu).

Mamas walituangalia miezi miwili. Mama Bea, muuza samaki wa moshi anayekaa katikati ya mteremko, mwanamke mwenye sauti ya kuita pirogi kutoka ng'ambo, aliniuliza siku moja:

"Docta, kule juu unasahau nini kila siku?"

Nikamweleza nadharia yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia jirani yake, akasema, "Masomo iko kitu ya kuogopa."

Sasa fomu. Juma moja kabla ya mchujo wa kuchagua wale wanne, Chef Lokwa, mkuu wa kazi anayesoma tasnifu yangu na kusimamia michezo, mtu mkavu asiyependa maneno mengi, alitugawia karatasi yenye swali: una maumivu au jeraha lolote? Chini yake mstari mmoja. Daftari langu wakati huo lilikuwa limefika ukurasa wa kumi na moja, na mstari ni mstari. Nilisimama na kalamu hewani, nikafikiri kwamba nikiandika goti wataniondoa, nikiandika goti kidogo watauliza kidogo kiasi gani, nikamwaza kuku, na Chef Lokwa akiwa amenyoosha mkono anangoja karatasi. Nikaandika: Hakuna.

Ndiyo hiyo. Mengine yote yametoka humo.

Kwa sababu mtu aliyeandika hakuna hawezi kutokea na bandeji. Asubuhi ya mchujo goti lilikuwa limevimba, nami nikaenda kwa mama mwenye nyumba, Mama Safi, mtu wa mto kutoka upande wa Isangi, ambaye alipasha mawese kwenye sufuria ndogo, akanikanda mpaka nikaita majina ya mababu, akaniambia wazi:

"Ungoja mafuta ipoe, kisha unawa na sabuni. Unasikia, mwana?"

Nilisikia. Lakini nilipokuwa nangoja niliwaza hivi: kinachotuliza ni joto, joto hutunzwa na mafuta, kunawa ni kupoteza dawa kabla ya kazi. Kwa mantiki hiyo, ambayo mpaka leo sijaona kasoro yake kwenye karatasi, nililoweka kitambaa katika mawese yaliyobaki, nikakizungushia goti, nikavaa juu yake suruali ya mazoezi ya kijivu. Ninyi mnajua rangi ya mawese yetu. Mimi pia naijua. Sikuifikiria tu.

Mchujo ulikuwa hivi: kuanzia majini, kupanda mara tatu na kushuka mara mbili, mwisho ni utepe kule juu. Nafasi tatu zilikuwa na wenyewe, vijana wa miguu mirefu. Ya nne tuliigombea sisi watano. Kupanda kwa kwanza nilipanda vizuri kupita siku zote, nikafika juu nikiwa wa pili kati ya watano, na ndipo nilipogeuka na kuuona mteremko kutoka juu, na kukumbuka kwamba kwa miezi miwili sikuwa nimeushuka hata siku moja kwa miguu yangu.

Papa Asumani alikuwa pale pale, mahali pake, ameshika usukani, mto umepanguswa vumbi. Hakuna aliyemwambia kwamba leo ni mashindano. "Docta, panda!" akasema. Nilimpita kama simjui. (Naona aibu hiyo kuliko nyingine zote.) Nikaanza kushuka, na katikati Mama Bea akapaza:

"Docta! Leo unashuka na miguu? Toleka yako iko wapi?"

Wasimamizi waliokuwa chini wakainua vichwa. Nikaongeza kasi ili nisionekane nahusika, goti likalia kama mlango, nikaanza kuruka kwa mguu mmoja, na kule kuruka, pamoja na jasho, kukakikamua kitambaa. Nilihisi kitu cha uvuguvugu kikitelemka hadi kwenye soksi. Nilipofika majini na kugeuka kupanda tena, doa lilikuwa limeshapita kwenye suruali, na lilikuwa jekundu, linang'aa kwa jua.

"Damu!" Sauti ya Mama Bea nadhani ilifika ng'ambo. "Docta iko anatoka damu! Batu, musaidie!"

Hebu fikirini hali yangu. Nikisema ni mawese, nimekiri dawa. Nikikiri dawa, nimekiri ugonjwa. Nikikiri ugonjwa, fomu ni ya uongo na kuku amenenepa bure. Kwa hiyo nilipiga kelele neno pekee lililokuwa karibu:

"Hakuna!"

"Anaanza kupoteza akili," akasema mchukuzi mmoja wa mizigo. "Damu inaisha mu kichwa."

Wakati huo Papa Asumani, aliyeniona toka juu nikiruka kwa mguu mmoja, alikuwa anashuka kwa kasi, kengele inalia, kandambili inatoa vumbi. "Docta, ngoja! Panda!" Mimi, nikijua wasimamizi wanatazama, nikamkimbia. Na mtu mwenye mguu mwekundu anayemkimbia mtu wa baiskeli, mamas wa bichi waliielewa picha hiyo mara moja.

"Toleka imemugonga! Shikeni ye!"

"Mimi?" Papa Asumani alikaribia kulia. "Miye namugonga? Huyu iko mutu yangu ya kila asubui! Muulizeni!"

Nilitaka kumtetea, naapa, lakini wachukuzi wawili walikuwa wameshaninyanyua, wakanikalisha kwenye mto wa kijani, Mama Bea akanishika mguu akauinua juu ili damu irudi ndani, mwingine akanikumbatia kifua, na msafara wote ukaanza kupanda mlima, baiskeli inasukumwa na watu sita, nyuma mamas wanaimba wimbo ambao huimbwa mtu akiwa karibu kwenda zake. Wakimbiaji wengine walijiweka pembeni kwa heshima. Hatukumpita mmoja, tuliwapita wote. Kule juu, japo ilibaki kupanda kwa tatu, utepe ulikuwa umekwisha kutandazwa, hakuna aliyewahi kuuondoa, tukaukata, na Chef Lokwa, kwa mazoea ya kidole, akabonyeza saa.

Nilimaliza wa kwanza, nikiwa nimekaa.

Muuguzi wa chuo akaja mbio na mkasi, akapasua suruali yangu toka kifundoni hadi pajani mbele ya halaiki, akakifungua kitambaa, akatafuta kidonda. Alitafuta kwa muda mrefu. Mama Bea akainama, akapitisha kidole kwenye ugoko wangu, akanusa, akaonja.

"Haya ni mawese," akasema. Kisha, baada ya kuonja tena: "Tena iko ya siku mingi."

Aliyetangulia kusema ni mchukuzi wangu wa kushoto, bado anahema: "Alors, tunasukuma hii kilima yote juu ya mutu ya kukaanga?"

Hapo ndipo kicheko kilipoanza, na nasikia bado hakijaisha. Papa Asumani peke yake hakucheka. Alikuwa anapangusa mto wake.

Chef Lokwa akatoa fomu yangu kwenye faili, akaisoma polepole.

"Assistant. Hapa unaandika hakuna."

"Ndiyo, Chef."

"Na goti?"

Sijui nini kilinipata. Labda ni ule uchovu wa kuficha. Nilitoa daftari mfukoni, limelowa pembe zote, nikaanza: goti la kushoto, upande wa ndani, kuanzia wiki ya pili, kisigino cha kulia, nyonga, hasa saa za asubuhi. Akalichukua, akasoma kurasa mbili amesimama.

"Bon. Niko na chapitre ya pili ya tasnifu yako ku meza yangu. Haina hata robo ya uangalifu huu." Akalifunga. "Hii fomu haikuwa ya kufukuza mutu. Ilikuwa ya kujua nani apumzike kwanza. Ungeandika goti, ningekungoja wiki tatu, orodha haijafungwa. Sasa mutu anayenidanganya juu ya goti, kule Bukavu atanidanganya juu ya nini?"

Nafasi ya nne ilipewa Clarisse, mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu niliyempa kumi na moja juu ya ishirini, ambaye alikuwa ameendelea kukimbia peke yake wakati wote ule, na ambaye alikuja kunipa pole kwa adabu iliyoniumiza kuliko kisigino.

Nilikwenda kwanza kumwomba Papa Asumani msamaha. Alinisikiliza, kisha akasema, "Ulinipita kama mutu asiyenijua, Docta. Ile njo iliniuma." Kisha akapiga mto kwa kiganja. "Panda, nikupeleke kwako." Nikapanda.

Nilikuwa bado najiosha na sabuni (hatimaye) wakati video, iliyopigwa kwa simu na mtu mmoja wa pale bichi, ilipofika Bukavu. Video haina harufu. Inaonyesha mtoto wa mtu, mguu mwekundu, amebebwa, wanawake wanaimba. Mama alipiga simu mara tisa.

"Mama, ni mawese tu. Hakuna kitu."

"Unasema hakuna," akajibu, "na nasikia mapua yako imejaa." Akakata.

Siku ya nne alishuka kwenye ndege. Tiketi niliyoshindwa kuipata kwa miaka minne yeye aliipata kwa siku tatu, na mpaka leo hajaniambia namna gani. Mkononi alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu yule kuku, amekwisha kuchomwa. Hakunikumbatia kwanza. Alipiga magoti pale pale kwenye uwanja wa ndege, akanipandisha suruali, akaliangalia goti mbele ya abiria wote, na mimi nikasimama wima, msomi, nikilia.

Tangu siku hiyo nimeapa kwamba fomu yoyote itakayoniuliza ninaumwa wapi, hata ikiwa ya kuomba kitabu maktaba, nitaijaza mpaka nyuma ya karatasi. Kushuka pia nashuka kwa miguu, polepole, na Papa Asumani hushuka pembeni yangu anasukuma baiskeli, eti ananisindikiza.

Mama alikaa wiki mbili. Kila alasiri alinikanda na Mama Safi akimshikia sufuria, na baada ya kuninawisha kwa sabuni alivaa miwani na kusoma lile daftari, ukurasa kwa ukurasa, bila kucheka. Siku moja akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa ni Jumapili. Umeandika mbili juu ya kumi."

"Ndiyo, mama. Siku hiyo lilikuwa limetulia."

"Siku hiyo tuliongea ku simu. Nilisikia sauti yako." Akaniomba kalamu, akakata ile mbili kwa mstari ulionyooka, akaandika juu yake nane.