Kopo Lililorudi New York

Watu wakianza kusimulia jinsi televisheni ilivyoenea nchini kwetu baada ya vita, husimulia habari za wakubwa wa New York waliokaa maghorofani wakagawana nchi kama keki. Mimi huwaacha wamalize. Kisha huwauliza: na sisi wa Brekke, huku Dakota Kaskazini, vipindi vyao tulivionaje? Hawamjui Borghild Skarstad, na mtu asiyemjua Borghild Skarstad asinifundishe mimi habari za televisheni.

Nilifanya naye kazi miaka minne. Mimi, Emil Vetter, nilikuwa mwendesha projekta wa kituo chetu, kazi niliyojifunza jeshini nikiwaonyesha askari filamu za kusafisha bunduki. Yeye alikuwa karani wa filamu. Alikuwa mwanamke mrefu, miaka hamsini na kitu, hakuolewa, na kila Jumapili alipiga kinanda kanisani kwa nguvu kama anayekanda unga. Wakati wa vita ndiye aliyechambua barua za askari pale posta. Hakuna barua ya mwanajeshi iliyopotea mikononi mwake, hata zile zilizoandikwa jina moja tu kwa penseli. Kituo kilipofunguliwa vuli ya 1953, meneja wetu, Bwana Ostby, alimfuata posta mwenyewe akamwomba aje. Na waya wa mtandao wa televisheni wa New York ulipotufikia mwaka wa 1957, kazi yake ikaisha kwa siku moja, alirudi posta bila kunung'unika.

Lakini kabla ya waya, sisi tuliishi kwa makopo. Waya ulitoka New York ukaishia Minneapolis. Watu wa Minneapolis walimwona mchekeshaji akianguka saa ile ile aliyoanguka. Sisi tulimwona akianguka baada ya wiki tatu. Kule New York walicheza kipindi moja kwa moja, kamera nyingine ikakipiga picha kwenye kioo cha televisheni, na filamu hiyo ikasafiri kwa treni kutoka kituo hadi kituo. Kila kituo kiliionyesha mara moja, kikaifunga kwenye kopo lake la bati, kikaituma mbele. Sisi tulikuwa wa kumi na moja, wa mwisho kabisa. Krismasi ya televisheni ilitufikia katikati ya Januari, na watoto wa Brekke wakaona ni haki yao kuwa na Krismasi mbili. Mama mmoja alimpigia simu Bwana Ostby kulalamika kwamba mti wake ameshautupa.

Kuwa wa mwisho kulikuwa na sharti lake. Filamu haikuruhusiwa kubaki. Mkataba ulisema ionyeshwe, kisha iharibiwe kabla ya saa sita mchana wa keshokutwa yake, karani atie sahihi, kopo lirudi New York tupu. Borghild aliziharibu kwa shoka la kuchanjia kuni, juu ya gogo nyuma ya kituo, hata theluji ikimfika magotini. Siku moja nilimwambia, "Tukijiwekea moja tu, nani atajua?"

"Mimi nitajua," akasema, akaendelea kukata.

Februari ya 1954, Jumatatu, alikuwa akikagua filamu ya kipindi cha nyimbo, akaniita nisimamishe projekta. Ukutani palikuwa na msichana amefumba nusu macho, mdomo wazi.

"Huyo ni Marit wa Gunder Lien," akasema. "Huyo nilimfundisha kuimba mimi."

Kila mtu Brekke alijua habari ya Gunder Lien na binti yake. Gunder alikuwa mkulima wa ngano, upande wa kaskazini, mwenye kichwa kigumu ambacho hata wakaidi wenzake walikiheshimu. Marit alikwenda New York kuimba, baba yake akikataa. Mwaka uliofuata mama yake akaugua. Telegramu ingemfikia Marit siku ile ile, lakini Gunder aliandika barua. Hakuamini kwamba mke wake angekufa. Kupeleka telegramu kungekuwa kukubali. Marit alifika mama ameshazikwa siku mbili. Alimwambia baba yake maneno fulani mbele ya majirani, akapanda treni, na kwa miaka mitano hawakuandikiana hata mstari.

Kipindi kikaonyeshwa Jumanne. Mji mzima ulikiona. Gunder hakuwa na televisheni, kwa hiyo jirani yake Petra Moe alimwandalia kiti sebuleni kwake, mbele kabisa. Kiti kikabaki kitupu.

Jumatano Borghild akampigia simu. Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Simu za mashambani siku zile zilikuwa za laini moja, nyumba saba kwenye waya mmoja, na kila nyumba iliinua mkono wa simu kusikiliza ya wenzake.

"Gunder, ni Borghild wa kituo. Jana hukwenda kwa Petra."

"Nilikuwa na ng'ombe anayezaa."

"Ng'ombe wako alizaa Jumapili," ikaingia sauti ya Petra.

"Petra, weka simu chini."

"Siweki. Watu tisa tulikungoja, kahawa ikapoa."

"Aliimba vizuri, Gunder," akasema mzee mmoja mwenye kikohozi, sikumtambua. "Na mimi nyimbo sizipendi."

"Nyinyi watu hamna kazi za kufanya?"

"Ni Februari," akasema yule mzee. "Kazi gani?"

Borghild akangoja wanyamaze. "Nasema na Gunder. Filamu bado ninayo. Kesho saa sita mchana ninaikata. Ukija kabla ya hapo, Emil atakuonyesha, peke yako, bila sebule ya mtu. Ikishakatwa, Gunder, imekwisha."

"Akitaka nimwone, njia ya nyumbani anaijua."

"Alishaipita mara moja ikamfikisha makaburini," akasema Borghild.

Gunder akakata simu.

"Atakuja," akasema Petra.

"Hatakuja," akasema mzee. "Baba yake alikuwa hivi hivi."

Alhamisi saa tatu hakuja. Saa nne hakuja. Bwana Ostby alipita akauliza kwa nini filamu ya Jumanne bado imekaa mezani, Borghild akamwonyesha saa ya ukutani, naye Ostby akaondoka. Mimi nilikwenda dirishani mara nyingi mpaka nikaona haya. Saa tano na dakika ishirini lori la Gunder likasimama nje. Akaingia na gunia la chakula cha kuku begani, ili tusidhani amekuja mjini kwa sababu nyingine.

"Nilikuwa napita," akasema.

"Kaa pale," akasema Borghild.

Alikaa na kofia kichwani na gunia mapajani. Nikazima taa. Marit alitokea kwanza katika safu ya wasichana wanne, halafu wale watatu wakarudi nyuma akabaki peke yake, akaimba kama dakika mbili. Picha zenyewe zilikuwa za kijivu, zimefifia kama zimefuliwa mara nyingi. Lakini ilikuwa sura yake, na alikuwa na ile tabia ya mama yake ya kuinamisha kichwa anapofika sauti ya juu. Wimbo ulipokwisha Gunder alikuwa amevua kofia.

"Amekonda," akasema.

Nikarudisha filamu nyuma bila kuombwa. Mara ya pili akauliza, "Huyo mwanamume anayemshika bega ni nani?"

"Mtangazaji," nikasema. "Anashika kila mtu."

"Aache."

Mara ya tatu sikugeuka kumtazama, maana nilisikia anavyopumua. Ilipokwisha ilikuwa imebaki dakika sita. Borghild akaichukua filamu, akavaa koti, akachukua shoka.

"Borghild," akasema Gunder, "nipe hicho kipande tu. Hizo dakika mbili."

"Hapana."

"Hata urefu wa mkono."

"Hapana, Gunder. Nimetia sahihi."

Nasema kweli, dakika ile nilimchukia. Nilitaka kumpokonya shoka. Mtu ameomba urefu wa mkono wa binti yake, na huyu anamtajia sahihi. Tulitoka wote watatu nyuma ya kituo, upepo unakata masikio, na akaikata filamu yote mbele yake, vipande vipande, mpaka saa ya kanisa ikagonga. Kisha akamgeukia, na uso wake ulikuwa umelowa. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kuuona hivyo, wala sikuuona tena.

"Ningekupa, ungeiweka sandukuni," akamwambia. "Ungekuwa unaitoa kila Jumapili unaiangalia kwenye dirisha mpaka ufe, nawe ungesema una binti. Huyo si binti yako. Binti yako yu hai, anakula, anakonda, anakaa New York. Kesho jioni kopo hili linakwenda huko, kwenye jengo lile lile analoimbia. Linakwenda tupu. Fikiri."

Gunder akaweka gunia lake begani akaenda zake bila kuaga.

Kesho yake alikuja saa kumi, treni ya mizigo ikiwa bado saa moja. Mikono yake ilikuwa na malengelenge ya moto. Alikuwa na kitu kimefungwa kwa kitambaa cha vyombo, akakifungua mezani: lefse, mikate yetu ya viazi, myembamba na ya mviringo kama chapati. Ilikuwa tisa. Mingine ilikuwa na madoa meusi, mingine ilikuwa na umbo la ramani ya nchi isiyojulikana. Alikuwa ameikaanga usiku kucha kwenye sahani ya chuma ya marehemu mke wake, na hakumwuliza mtu, kwa sababu kuuliza ni kupiga simu, na kupiga simu ni kuwaambia nyumba saba.

Borghild akaipanga ndani ya kopo. Ilienea vizuri kabisa. Halafu akavuta fomu ya mtandao wa New York, akaandika kwa mwandiko wake wa posta: Filamu, imeharibiwa. Gurudumu la kuzungushia filamu, limerudishwa. Kopo, limerudishwa, ndani mna lefse tisa kutoka kwa Gunder Lien, apewe Marit Lien, mwimbaji.

Bwana Ostby akaisoma juu ya bega lake. "Bi Borghild, huwezi kuandika lefse kwenye fomu ya mtandao."

"Zimo ndani, Bwana Ostby. Unataka niandike hazimo?"

Bwana Ostby akafikiri, akatia sahihi chini yake.

Baada ya wiki moja ofisi ya filamu ya New York ilituletea onyo, mistari mitatu, kwamba makopo ni ya filamu peke yake. Borghild akalitia kwenye faili. Ikapita wiki nyingine, ikaja barua ya kawaida ya posta, jina la Gunder Lien kwa anwani ya kituo, kwani ndiyo anwani aliyoiona Marit kwenye ile fomu. Borghild hakumpigia simu Gunder. Alivaa koti akanifanya nimwendeshe kwa gari hadi shambani kwake, maili kumi na nne za barafu, ampe mkononi.

Gunder aliisoma amesimama mlangoni pa zizi. Aliisoma polepole, akageuza karatasi, akairudia.

"Anasema zilikuwa ngumu kama soli ya kiatu," akasema.

"Hukutia krimu," akasema Borghild.

"Anasema alipouma ya kwanza tu alijua si Petra aliyezipika, wala mwanamke yeyote wa Brekke. Alijua ni mimi." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Amezila zote."

Akaikunja barua akaitia mfuko wa ndani, akafunga vifungo vyote, kisha akatazama barabara kana kwamba anakagua theluji.

"Treni ya abiria kutoka Minneapolis, anayokuja nayo Jumamosi, siku hizi inafika saa ngapi?"

"Saa tisa na robo," akasema Borghild. "Na Jumamosi huchelewa."

"Basi," akasema Gunder, "nitakuwa pale stesheni saa saba."