Bimu ya Nabiha na Samadari ya Nana

Fundi Aidarus wa mtaa wa Kuze hajawahi kuchora ramani maishani mwake. Ukimwuliza ramani iko wapi, hujigonga kipaji cha uso kwa penseli na kusema, "Iko huku." Nami, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, nathibitisha kwamba iko huko na haitoki. Mlango wa choo alichonijengea hufunguka nusu, ukagonga sinki, na mtu wa mwili kama mimi huingia kwa ubavu. Nimelalamika miaka kumi na moja. Hunijibu kwamba sinki ndilo lililokosea.

Lakini ni mtu mwema. Ana miaka sitini na mbili, amekarabati nusu ya nyumba za mtaa huu, na kwa amri ya daktari hunywa kahawa bila kashata. Kashata huzila baadaye, peke yake, bila kahawa.

Mwaka jana orofa ya juu ya nyumba yao ilipasuka, ikabidi ijengwe upya pamoja na ngazi. Mamake, Bi Swafia, ambaye mtaa mzima twamwita Nana, akahamishiwa chumba cha chini. Kitanda chake cha samadari kikashushwa kwa kamba kupitia ukuta uliokuwa umebomolewa. Kingeweza kufunguliwa vipande vipande, ila marehemu mumewe alikipiga misumari ya inchi sita pembe zote nne, na hakuna aliyethubutu kumwuliza Nana ni kwa nini.

"Nitarudi juu na samadari yangu," Nana akasema, "au sirudi."

Juu ndiko alikozalia watoto saba. Juu kuna dirisha ambamo huwasimanga wauza samaki wote wapitao kwa bei zao. Huko chini alinyamaza, akapungua, hata samaki wakawa wanauzwa kwa bei yoyote. Kila asubuhi alimwuliza Aidarus, "Lini?" Mimi nilikuwa nikisikia kupitia ukuta, na roho yaniuma.

Sasa, Aidarus ana binti, Nabiha, mhandisi katika ofisi moja ya wajenzi upande wa Makupa. Akampigia babake simu. "Baba, nyumba hii tuijenge kwa BIM. Tafadhali, usinivunje moyo."

BIM ni herufi tatu za wasomi. Maana yake nyumba hujengwa yote kwanza ndani ya kompyuta, kila bomba, ngazi na mlango, ili makosa yaonekane kabla ya kumwagwa hata karai moja la zege. Lakini Aidarus anajua bimu moja tu, ile ya zege inayolazwa juu kubeba dari. Akaguswa mno. Binti wa chuo kikuu anamwomba babake bimu! Alitusimulia barazani siku tatu. Kisha akapanga bimu ambayo nyumba haikuihitaji, nene, ya nondo sita, juu kabisa ya kona ya ngazi. Kwa mapenzi tu.

Jumamosi Nabiha akaja na tableti yake. Alikuwa ameshapima nyumba nzima, hata samadari, Nana akiwa amelala juu yake. Ile bimu mpya alitumiwa picha na vipimo na Dzoro, fundi anayefanya kazi na babake. Zege lilikuwa limwagwe Jumatatu.

"Baba, kuna mgongano."

"Nani na nani?" Aidarus akauliza, akimtazama Dzoro kwa wasiwasi.

"Samadari na bimu."

Akatuonyesha. Kwenye kioo kitanda kilipanda ngazi taratibu, kikafika konani, kikagonga bimu, kikawa chekundu.

"Si weye uliyetaka bimu?"

"Nilisema BIM, Baba."

"Nami nimekuwekea!"

Nilicheka hadi kahawa ikanitokea puani. Aidarus akakasirika. Akasema hakosolewi na kioo. Akamwamuru Dzoro afunge mbao ziwe fremu ya ukubwa wa samadari ileile, wakaibeba wawili, yeye akitangulia. Ilipofika konani, chini ya mbao zilizofungwa kumwagiwa zege la bimu, ikakwama. Haikupanda wala haikushuka. Dzoro alikuwa chini yake, huru. Aidarus alikuwa juu, na njia imezibwa.

Alikaa huko mpaka adhuhuri ikapita. Tulimpandishia chai na mahamri kwa kikapu na kamba. Nana akaja kusimama chini ya ngazi na bakora yake.

"Aidarusi! Na mimi ndivyo nitakavyofanywa? Nikwame ndiani na kitanda changu?"

Hakucheka. Sauti ilimtetemeka. Huko juu Aidarus akachungulia, akamtazama mamake.

"Dzoro," Aidarus akasema. "Leta msumeno."

"Nikate fremu, Fundi?"

"Kata mbao za bimu. Zote. Hatuimwagi."

Nabiha akaikagua tena nyumba kwenye tableti, akasema itasimama vizuri bila bimu, na kitanda kitapita kwa nafasi ya vidole vinne. Baada ya wiki tano wanaume wanane waliipandisha samadari. Nilichomeka mkono wangu pale konani. Vidole vinne, barabara.

Nana akalala, akatazama dari mpya, akashusha pumzi. Machozi yalinitoka, na sioni haya kusema.

"Nabiha."

"Labeka, Nana."

"Kupanda nimepanda. Na siku ya kunishusha je? Jeneza litapita pale?"

"Mama, maneno gani hayo!" Aidarus akaruka.

Nabiha akainamisha kichwa. "Litapita, Nana. Nilishalijaribu kwenye kompyuta."

"Ushanizika mara ngapi humo ndani?"

"Mara nne. Tatu za mwanzo ulikwama."

Nana akacheka mpaka samadari ikalia misumari yote. Kisha akamvuta mjukuu wake akae kando yake. "Na hiyo ya nne, walinishika vyema?"

"Vyema, Nana. Mbele nilimweka Baba."

Aidarus akatupa kisogo, akasema anashuka kuangalia saruji. Saruji ilikuwa imekwisha tangu Jumatano.